Kama Mgeni Ni Mmoja, Usimwache Mama Getini

Kuna msafiri mmoja wa Nairobi ambaye sitamwonea huruma. Ana kadi inayomfungulia launji ya uwanja wa ndege. Alipewa na benki, au na shirika la ndege kwa sababu kazi humrusha Johannesburg kila mwezi. Leo amesafiri na mkewe, watoto wawili, na mamake mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege maishani. Wakishapita ukaguzi anawaonyesha viti vya getini, anasema "ngojeni hapa, nakuja," halafu anapotea. Anarudi baada ya masaa mawili, watu wameshaanza kupanga foleni, mdomo unanukia kahawa, mkononi ana chupa moja ya maji ya kugawana watu wanne. Ukimuuliza, atakujibu bila kupepesa macho: "Si kanuni inasema mgeni mmoja? Sasa ningemchagua nani?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila nikilisikia naona watu wakitikisa kichwa kukubali, kama vile kanuni imewamaliza. Haijawamaliza. Kanuni inasema unaweza kuingia na mtu mmoja. Haijasema popote kwamba wewe ni lazima uingie.

Tuseme ukweli kuhusu kanuni yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaisoma. Miungano mitatu mikubwa ya mashirika ya ndege inafanana kwa jambo hili. Ukiwa na hadhi ya dhahabu ya Star Alliance, au Elite Plus ya SkyTeam, au Sapphire na kwenda juu kule oneworld, unaruhusiwa mgeni mmoja, na mgeni huyo sharti naye awe anasafiri na shirika la muungano huohuo. Hapa ndipo Wakenya wengi hukwama mlangoni. Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010. Ethiopian iko Star Alliance tangu 2011. Qatar Airways iliingia oneworld 2013. Kwa hivyo wewe ukiwa na dhahabu yako ya kupitia Addis, na rafiki yako ana tiketi ya KQ ya kwenda Kigali, hata mshikane mikono kama maharusi, kaunta itamkataa. Si ubaguzi, wala yule dada wa kaunta hana roho mbaya. Shirika halitaki kumnunulia chai mteja wa mwenzake.

Kuna lingine ambalo watu hawaliamini hadi liwapate: tiketi ya daraja la biashara, hata kama imekugharimu bei ya gari kuukuu, mara nyingi hukuingiza wewe peke yako. Haki ya mgeni hutoka kwenye hadhi ya uanachama. Kiti cha mbele huwa hakiileti. Nimemwona mzee mmoja, suti nzuri, akimwambia mhudumu lile swali letu la taifa, "Unajua mimi ni nani?" Dada wa watu alikuwa anajua vizuri sana, jina lake lilikuwa kwenye skrini. Kile ambacho hakikuwa kwenye skrini ni mgeni.

Na kadi za benki ndizo zenye mtego mkubwa zaidi. Ile kadi ya uanachama wa launji unayopewa pamoja na kadi ya mkopo, kama Priority Pass, huenda ikakuruhusu kuingia na mgeni, lakini mara nyingi mgeni hulipiwa. Mlangoni hakuna anayekudai chochote. Mhudumu anapitisha kadi, anatabasamu, anasema karibuni. Wiki kadhaa baadaye kwenye taarifa ya benki unakuta dola thelathini na kitu kwa kila kichwa, yaani zaidi ya shilingi elfu nne kwa mtu aliyekula vipande viwili vya keki na kunywa soda. Launji nyingi humhesabu mtoto kama mtu mzima wa kulipiwa, isipokuwa wachanga. Kwa hivyo yule jamaa wangu na wanawe wawili, mke na mama, angeweza kulipia wote na kuumia, au kuketi nao getini bila kulipa hata ndururu. Alichagua njia ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo ninayosema ni aibu.

Watakuja watetezi wake. Wa kwanza atasema: amelipia, ni haki yake, kwani nani alimkataza mkewe kutafuta kadi yake? Sawa, ni haki yake. Ni haki yako pia kula nyama choma yote peke yako mbele ya watoto wako, umeinunua. Wa pili, na huyu ndiye ananiudhi zaidi, ni yule mstaarabu anayelalamika mtandaoni kwamba launji siku hizi zimejaa, ati kila mtu analeta ukoo mzima, hadhi imeisha, mpaka unakosa mahali pa kuchaji laptopu. Kwake yeye mtu anayemwacha mama getini ni mfano mzuri wa nidhamu.

Wacha nimjibu kwa historia kidogo. American Airlines ilipofungua Admirals Club yake ya kwanza pale LaGuardia, New York, mwaka 1939, hukuweza kununua nafasi. Ulialikwa na shirika, basi. Lengo zima lilikuwa wachache wajione wachache. Miaka themanini na kitu baadaye, nafasi hiyohiyo inauzwa na karibu kila benki yenye kadi ya kung'aa. Launji zimejaa kwa sababu zimeuzwa kuliko viti vilivyomo, na walioziuza wanajua. Na walipotaka kupunguza msongamano walimgusa nani kwanza? Mgeni. American Express, kuanzia Februari 1, 2023, iliwaambia wenye kadi ya Platinum wanaotumia Centurion Lounge za Marekani kwamba kila mgeni mtu mzima ni dola 50, ila tu kama umetumia dola 75,000 kwenye kadi hiyo kwa mwaka. Mwenye kadi akabaki na mlango wake, mgeni akapachikwa bei. Sasa mstaarabu wangu, badala ya kuuliza benki yake iliuza kadi ngapi, anamkodolea macho mama wa watu aliyeketi na kiondo chake kwenye sofa.

Mimi nimekulia nyumbani ambako kwenda uwanja wa ndege ilikuwa safari ya familia. Mtu mmoja anaenda ng'ambo, watu kumi na watano wanapanda matatu ya kukodi kumsindikiza Embakasi, kuna maombi, kuna picha, kuna shangazi anayelia kabla hata gari halijazimwa. Siku hizi bila tiketi na pasipoti hupiti mlango wa jengo, na usalama una sababu zake, sibishani. Lakini kile kitendo cha kusindikiza kilikuwa na maana yake: hakuna anayeachwa kungoja peke yake. Ukiwa ndani, wenzako wa safari ndio wasindikizaji pekee uliobaki nao. Halafu unawaacha kwa sababu ya samosa.

Na tusiwasahau wageni wenyewe, maana nao wana vituko. Ukialikwa, jua kwamba aliyekualika naye ni mgeni mle ndani. Mwenye nyumba ni mwingine kabisa, na kanuni za nyumba ziko ukutani. Humwachi mwenyeji wako akiondoka wewe ubaki, hasa mkiwa na ndege za saa tofauti, bila kuuliza kaunta kwanza. Hupigi video call kwa sauti ya spika ukizungusha simu kuonyesha bafe, watu wengine wametoka kwenye mazishi, wengine hawajalala siku mbili. Na lile jambo la kufunga mandazi kwenye serviette na kuyatia mkobani... najua, harusini tunabeba kwa kontena na hakuna anayesema kitu, lakini harusini ni bibi harusi mwenyewe aliyesema chukueni. Hapa hakuna aliyesema.

Mwenyeji naye ana wajibu mmoja ambao hauandikwi kokote: mwambie mgeni wako mapema ni nani analipa. Hapo ndipo heshima yote ilipo. Nimeona mabosi wakiwaburuta vijana wa ofisi hadi mlangoni, mhudumu anasema mgeni ni wa kulipiwa, bosi anamgeukia kijana na kumtazama tu. Kijana ana shilingi mia sita kwenye M-Pesa. Bora ungemwacha kwenye benchi lake na amani yake.

Kazi yangu ni ya ukalimani, hunipeleka mikutanoni, na hadhi yangu ya ndege imetokana na safari ambazo sijalipia mimi. Kwa hivyo mara nyingi ninayo nafasi ya mgeni na sina mgeni. Wapo wanaoandika adabu za launji wanaosema: usimwingize mtu usiyemjua. Nafasi ikae tupu. Hapa pia nawapinga.

Ukisafiri usiku kutoka JKIA kwenda Doha au Dubai utawaona. Wasichana wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kikundi, bahasha ya karatasi mkononi, wameketi sakafuni karibu na soketi ya umeme wakipokezana chaja moja. Ndege yao ya pili huenda iko masaa tisa mbele. Kwa macho yangu hao ndio wasafiri wanaohitaji kiti kuliko wote kwenye jengo lile, na ndio ambao hakuna benki itakayowapa kadi.

Safari moja nilimuuliza dada aliyekaa karibu nami getini kama angependa twende tunywe chai. Tulikuwa tunapanda ndege moja. Hakuuliza ni chai gani wala ni wapi. Aliuliza, "Italipwa na nani, auntie?" Nikamwambia hailipwi, ni nafasi ipo tu, ikikosa mtu inapotea. Akanitazama vizuri, akaangalia wenzake. Akasema, "Tuko saba."

Nilikuwa na nafasi moja. Wenzake wakamwambia aende, wakamkabidhi simu tatu azipeleke zikachajiwe. Alikunywa chai mbili za maziwa, akampigia mamake kwa intaneti ya bure, akaongea Kiluhya kwa dakika ishirini akiwa ameinamisha kichwa, na hakugusa chakula kwa sababu wenzake hawakuwa wanakula. Sikujua nifanye nini na hilo. Nikatoka nikawanunulia chipsi kwenye duka la getini, kwa bei ya kichaa ya uwanja wa ndege, tukala wote.

Najua nitaambiwa nini. Usalama! Utaingiza mtu, kumbe ana jambo lake, utajikuta korokoroni. Naomba tutofautishe. Kumbebea mtu usiyemjua mzigo, hata kifurushi cha dawa za mgonjwa, hapana, kamwe, hata akilia. Kumwalika kikombe cha chai baada ya yeye na mkoba wake kupita mashine ileile uliyopita wewe ni jambo jingine. Jina lake litaandikwa, pasi yake itapitishwa, na asipostahili atakataliwa mlangoni kwa upole. Cha kuogopa zaidi ni wale wanaosimama nje ya launji wakiuza nafasi zao za mgeni kwa yeyote mwenye pesa. Kanuni za uanachama hazikuruhusu kuuza, na anayefokewa na bosi wake mambo yakigundulika si wewe uliyeshapaa, ni dada wa kaunta.

Yule dada wa kaunta ndiye anayebeba upuuzi wetu wote, kwa zamu ya usiku. Anaambiwa na shirika asiingize wa pili, na abiria anamwambia "fanya tu mpango." Ukiona mgeni wako amekataliwa, shukuru, geuka, mwende wote. Hapo hakuna mjadala.

Mwezi jana niliiandikia benki yangu swali moja rahisi: kwa nini tangazo la kadi linaonyesha familia ya watu wanne wakicheka ndani ya launji, ilhali bei ya mgeni iko kwenye masharti ya mwisho, kwa herufi za kusomwa na mchwa? Nikajibiwa kwamba tangazo ni la kuonyesha furaha tu, na kwamba nisome masharti. Nimeyasoma. Nimewaandikia tena, sasa nikitaka bei hiyo iwekwe kwenye tangazo lenyewe, chini ya wale watoto wawili wanaocheka. Bado nangoja jibu, na ninaomba nawe mwenye kadi kama yangu uwaandikie, kabla hujafika mlangoni Desemba hii na watoto wakiwa mbele yako.