Siri ya Mwanamichezo Ilindwe

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tujiulize, kwa nini mwanamichezo wa chuo huyaficha? Nchini Marekani, tangu Agosti 2024, shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, limevitaka vyuo vya daraja la kwanza kuwapatia wanamichezo huduma za afya ya akili. Ni hatua njema, ila haitoshi. Kijana ambaye karo yake hulipwa na miguu yake hatamfungulia moyo mshauri nasaha iwapo anahofia kwamba siri itamfikia kocha, naye apoteze nafasi kikosini. Basi mshauri asiwe chini ya kocha, na siri ya mwanafunzi ilindwe. Mguu ukiteguka, tunampumzisha. Akili ikichoka, tusimwite mvivu.