Maskini hafuji, anapanga

Makala iliyochapishwa hapa wiki iliyopita imedai kwamba maskini hawana utamaduni wa kuweka akiba: wakipata kidogo wanakimalizia kwenye harusi na misiba, ilhali mwenye nacho hupeleka benki. Nakataa.

Mwaka 1936 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alieleza kwamba watu hushika fedha kwa sababu tatu: matumizi ya kila siku, tahadhari, na kungojea nafasi ya faida. Mtazame mama lishe jioni akizima jiko. Noti za mchele na mkaa wa kesho anazifunga kwenye pindo la khanga. Za upatu anamkabidhi kijumbe, ili zamu yake ikifika anunue sufuria kubwa. Sarafu anazitumbukiza kwenye kibubu, kwa ajili ya ugonjwa. Mafungu matatu, kazi tatu. Asiyeona mpango hapo hajatazama.

Na mchango wa msiba si ufujaji, ni bima. Asiye na mshahara huweka akiba yake kwa watu, maana mtoto akizidiwa usiku wa manane, benki imefungwa lakini jirani anafungua mlango.

Kinachotofautisha maskini na wenye nacho ni kipato na hatari wanazokabili, si akili. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mamilioni waliokuwa hawajawahi kuwa na akaunti ya benki walijiunga. Tabia yao ilikuwa ileile. Walichokosa ni mlango wa kuingilia.

Tuwajengee milango, tuache kuwahubiria.