Masomo ya miji yaanzie kwenye lava ya Goma



Wanafunzi wetu wanaokwenda ng'ambo wakati wa likizo kusomea maendeleo ya miji wanapata elimu njema, lakini wanafundishwa kwa mifano ya miji isiyokaa chini ya volkano. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Mwaka 2021 ikafika Buhene, pembezoni mwa Goma. Watu wamejenga tena juu ya lava hiyo, nyumba za mbao na kuta za mawe yaleyale meusi. Wapo watakaosema vita vya mashariki mwa Kongo haviruhusu kuleta masomo hayo hapa. Ni kweli, ila havimzuii mwanafunzi kupeleka tatizo la Buhene darasani ng'ambo na kudai lijadiliwe. Naviomba vyuo vikuu vyetu viwape kazi hiyo kabla hawajasafiri.

Msomaji wenu, Goma