Hawaanzi na Bunduki, Wanaanza na "Mambo Vipi"

Kila shambulio likitokea huku Pwani kuna wimbo mmoja tu: wametoka Somalia, wamevuka mpaka, wamerudi msituni. Wimbo huu unatufaa sote. Serikali inaupenda kwa sababu mpaka haujibu ukilaumiwa. Wazazi wanaupenda kwa sababu mtoto wao hayumo. Na wewe na mimi tunaupenda kwa sababu tunasoma habari, tunasikitika kidogo, kisha tunarudi kwa video zetu. Lakini hebu tazama majina.

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika lako. Mmoja wa waliokuwa wameshika bunduki siku hiyo alikuwa Abdirahim Mohammed Abdullahi. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu kule Mandera. Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, watu 21 wakafa. Ali Salim Gichunge, mmoja wa washambuliaji, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa KDF. Mwenzake aliyejilipua, Mahir Khalid Riziki, alikuwa kijana wa Mombasa. Soma hayo majina tena polepole. Mwanasheria, mtoto wa mwanajeshi, kijana wa mtaa. Hakuna hata mmoja hapo ambaye ungemtilia shaka akikaa kando yako kwa matatu.

Sasa shuka huku kwetu. Ukitoka Garsen ukafika Minjila, njia ya Lamu inakata hapo, na mbele kidogo uko Gamba. Julai 2014, wiki tatu hivi baada ya mauaji ya Mpeketoni, kituo cha polisi cha Gamba kilivamiwa usiku. Usiku huohuo Hindi, upande wa Lamu, nako kukawa moto. Watu zaidi ya 20 walikufa katika hizo sehemu mbili. Januari 2, 2020, basi lilipigwa risasi Nyongoro, abiria watatu wakafa. Kama umewahi kusafiri hiyo barabara unajua habari ya kusubiri magari mengine ili msindikizwe na polisi, mama zetu wakinong'ona dua, watoto wakilia njaa. Kundi lililokuwa likijificha msitu wa Boni wakati ule, Jaysh Ayman, halikuwa la wageni watupu. Lilijaa vijana wa Kenya, na wengi walikuwa Wapwani wanaozungumza Kiswahili kama chako. Mmoja wa makamanda wake, Luqman Osman Issa, aliyeuawa Juni 2015 kule Baure, alikuwa wa Mombasa.

Kwetu ni Ndera. Kama huijui, tafuta mto Tana kwenye ramani halafu ufuate migomba na miembe. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na siku hizi nakula kwa kuandika mtandaoni na kuwafanyia watu vikazi vya simu. Nasema hivi ili ujue naongea na nani: naongea na mtu kama mimi. Una cheti nusu, una simu nzima, na una muda mwingi kuliko unavyotaka. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliposomba mashamba kando ya mto, wasee wengi wa umri wetu walibaki wamekaa kwenye kivuli cha mwembe, bando la shilingi ishirini mkononi. Mtu wa kuvua samaki hahitaji mwalimu wa kumwonyesha hapo pana samaki.

Na hapo ndipo watu wanakosea kuhusu jambo hili. Wanadhani anayekuja kukuchukua atakuja na ndevu, bendera nyeusi na aya. Wapi! Anakuja na "mambo vipi". Anapenda picha zako. Anakuuliza ulifanya kozi gani. Anakuambia ana mtu wake anatafuta vijana wa kazi, mshahara mzuri, nauli yao. Shirika la UNDP lilihoji watu waliojiunga na makundi haya katika nchi nane za Afrika, ripoti ikatoka 2023, na robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kazi kama sababu kuu. Dini ilitajwa na asilimia 17. Kwa hiyo shehe wa msikiti wenu akihubiri kila Ijumaa kwamba jihadi si kuua watu, anafanya jambo la maana, lakini kijana anayelengwa pengine hayupo pale kwa sababu ya dini. Yuko pale kwa sababu ya chapaa.

Wengine hawaanzi na kazi, wanaanza na uchungu. Na uchungu sisi tunao wa kutosha kuuza nje. Wewe ni Mpwani, umri wa kitambulisho umefika na bado unaambiwa rudi kesho, leta cheti cha babu. Ardhi ya kwenu ina hati ya mtu usiyemjua. Halafu kuna ile ya 2012, ambayo huku Delta bado tunaitamka kwa sauti ya chini. Agosti 22 mwaka ule watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wanawake na watoto, na kufikia mwanzo wa 2013 vita vya Wapokomo na Waorma vilikuwa vimemeza vijiji kadhaa. Leo tunauziana maziwa na ndizi, tunaoana pia. Lakini hebu fikiria mtu usiyemjua akikutumia saa sita usiku picha za nyumba zilizoungua mwaka ule, na chini yake ameandika: serikali ilikuwa wapi? Swali lenyewe ni halali. Mimi mwenyewe nimeliuliza. Mtego uko kwenye jibu analokuja nalo wiki ya pili.

Manake haishii hapo. Kutoka kwenye ukurasa ambao kila mtu anauona, unaalikwa kwenye grupu. Kutoka kwenye grupu unavutwa pembeni, mazungumzo ya wawili, jumbe zinazojifuta. Kuna hotuba za sauti. Zamani zilikuwa CD. Mawaidha ya Aboud Rogo, aliyeuawa Mombasa Agosti 2012, yalizunguka hivyo, mkono kwa mkono, kabla hayajahamia kwenye simu. Mwaka huohuo wa 2012 Al-Shabaab walianza kutoa jarida la Kiswahili wakaliita Gaidi Mtaani. Sikia hilo jina. Hawakulipa jina la Kiarabu. Walichagua neno "mtaani", neno letu, la vijiwe vyetu. Mtu aliyelichagua alikuwa anajua anaongea na nani, pengine kuliko wizara nzima ya vijana.

Baadaye kinakuja kitu ambacho ningependa ukishike kuliko vyote katika makala haya: anaanza kukutenga. Usimwambie mzee wako, wazee waoga. Huyo demu wako hakufai. Hao mabeshte zako wa mpira ni watoto. Ukitazama vizuri, hii si siasa wala dini, ni mbinu ileile ya mwanamume anayempiga mkewe na kumkataza kwenda kwa mamake. Ukishabaki peke yako, ombi la kwanza linakuwa dogo mno. Sajili laini kwa jina lako. Pokea hela kwa M-Pesa, utoe, umpe fulani. Mpe mgeni mahali pa kulala siku mbili. Hujashika hata kisu. Lakini kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 kuwa mwanachama wa kundi kama hilo ni kifungo cha hadi miaka 30, na kusambaza maneno ya kuchochea ugaidi nako ni kosa la kifungo. Hiyo video unayomtumia mwenzako ukisema "cheki hii noma" haitakuja na kesi ya utani.

Kuna watakaosema: haya ni mambo ya Waislamu, wayamalize wenyewe. Waliosema hivyo sijui walikuwa wapi 2023. Shakahola si mbali na Garsen, ni huko Kilifi tu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, watu waliokuwa wafuasi wa mhubiri wa Kikristo, Paul Mackenzie, waliofunga mpaka wakafa. Yeye naye alikuwa na mahubiri kwenye YouTube na runinga. Naye aliwaambia watu waache shule, waache hospitali, waache jamaa zao. Kitabu tofauti, kamba ileile. Kwa hiyo ukimwona Mpokomo Mkristo wa chini ya mto anamnyooshea kidole Mwislamu wa juu, mwulize walioenda Shakahola walitoka msikiti gani.

Tufanye nini basi? Jibu la viongozi wetu ni kufunga. Agosti 2023 kulikuwa na ombi bungeni la kupiga marufuku TikTok. Sawa, ifungeni. Wakati wa Westgate mwaka 2013, watu 67 wakiuawa, Al-Shabaab walikuwa wakiandika Twitter moja kwa moja. Akaunti ikifungwa wanafungua nyingine, ikifungwa hiyo wanafungua nyingine. Ukifunga mlango mmoja kwa mtu mwenye madirisha ishirini unampa mazoezi tu. Na la pili, simu peke yake haimfikishi mtu Boni. Mwishoni huwa kuna mtu wa nyama na damu: rafiki wa shule, binamu, jirani aliyetangulia, anayekuja kukuchukua kwa bodaboda. Huyo hafungwi na bunge.

Mimi nadhani kinachotukwamisha ni kuogopa kusema. Rudi kwa yule chifu wa Mandera. Mwanawe alipotoweka, yeye mwenyewe alikwenda kuripoti. Mzee alifanya kile ambacho kila tangazo la redio linatuambia tufanye, na bado mwanawe akatokea Garissa na bunduki. Halafu tunashangaa mama wa Garsen akinyamaza! Yeye ana hesabu yake. Akisema, mtoto anaweza kuchukuliwa usiku na gari lisilo na namba asionekane tena. Si hadithi ya kijiweni hiyo. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa liliorodhesha visa vya mauaji na watu kupotezwa hapa Pwani. Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa waliotaka kurudi kutoka Al-Shabaab, lakini kule Kwale baadhi ya waliorudi waliuawa, na kila upande ukasema si sisi. Ripoti ya kwanza ya UNDP, ya 2017, ilikuta kwamba asilimia 71 ya waliojiunga walisukumwa hatua ya mwisho na kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 71! Kwa maneno mengine, kila kijana anayepotezwa bila mahakama anamfanyia kazi yule wa "mambo vipi", tena bure.

Sisemi polisi wasifanye kazi. Waliokufa Gamba nao walikuwa na mama zao. Nasema mzazi wa Ndera au Garsen anayeona mtoto wake anabadilika anahitaji mtu wa kumwambia ambaye si bunduki. Mwalimu, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa bodaboda, ofisa wa vijana wa kaunti ambaye ofisi yake iko wazi na si ya kupigia picha. Na anahitaji neno la serikali kwamba mtoto akiletwa kabla hajamwaga damu, atarudi nyumbani jioni. Mkakati wa taifa wa kukabiliana na itikadi kali ulizinduliwa Septemba 2016. Kwale ilitengeneza mpango wake wa kaunti mapema. Wewe uliye Hola, Garsen au Minjila, mwulize MCA wako wa Tana River ni nani katika wadi yenu anayepokea mzazi wa namna hiyo, jina na namba ya simu. Mwulize hadharani, pale kwenye ukurasa wake, chini ya zile picha anazopiga akigawa mahindi. Akikosa jibu, piga picha ya skrini, utume kwa grupu la wadi.

Na kwa upande wako kuna jambo dogo, nalo halihitaji MCA. Kuna jamaa mmoja kwenye grupu lenu la darasa la nne, sekondari, ambaye zamani alikuwa hanyamazi. Meme yeye, matokeo ya mpira yeye. Miezi miwili sasa yuko kimya, ametoka kwenye grupu mbili, picha yake ameiondoa, na mara ya mwisho aliandika kwamba amepata kazi mbali lakini hakusema wapi. Kila mtu ameona. Hakuna aliyeuliza. Mpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie asikie sauti yako, mwulize kazi gani, tajiri ni nani, nauli alipewa na nani. Asiposhika, mpigie mamake. Kama simu ya mamake imezima, panda boda uende kwao kabla ya Ijumaa.