Waacheni Watoto Wapumzike (Japo Mimi Naishi kwa Tuisheni)

Najua nimepotea, msinilaumu. Chuo kimefungua na wahadhiri wameshatumwagia kazi za vikundi kana kwamba kesho ni kiama. Leo sina stori za Mlimani wala za foleni ya kafeteria. Kuna jambo linanikereketa tangu Krismasi, na kabla sijalisema naomba niungame kwanza: mimi ni mwalimu wa tuisheni. Bumu likikata (na wote tunajua linavyokata mapema), nakaa kibarazani kwa dada yangu Kimara na watoto 12 wa mtaani, sh. 1,000 kwa kila kichwa kwa siku. Kwa hiyo hili ninalosema linanigusa mfukoni. Sawa?

Basi bwana, Desemba shule zilipofungwa dada akanipangia kabisa. Binti yake mkubwa, miaka 9, darasa la tatu, alishika nafasi ya 27. Maswali ya saa na dakika alikosa karibu yote. Juu ya hapo shule ikampa daftari zima la kazi za likizo, maswali 200. Dada akasema, "Mdogo wangu, huyu usimwachie mpaka Januari." Nikasema poa.

Mipango ikavurugika Bibi alipopiga simu kutoka Lushoto. Bibi yetu mzaa mama, miguu haimtaki tena. Alisema neno moja tu, kwamba anataka kuviona vitukuu vyake wakati macho bado yanaona. Nani atakataa hapo? Shemeji akatoa nauli, dada akaomba ruhusa ya siku sita kazini, tukakubaliana tupitie kwanza Pangani kwa mama mkubwa. Mimi nikafunga kibaraza. Hesabu yake mnaijua: siku sita, 72,000 zimekwenda na maji.

Tulikuwa wanne: dada, mimi, mkubwa na mdogo wake wa miaka 5. Daftari la maswali 200 lilikuwa la kwanza kuingia kwenye begi, kabla hata ya nguo.

Sasa sikilizeni kilichotokea njiani. Tumeshapita Segera, mashamba ya mkonge yameanza. Mkubwa amebandika uso dirishani. Akaniuliza, "Mamdogo, mbona huku wanalima mananasi makubwa hivi?"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba zao kuu la biashara mkoani Tanga ni mkonge. Kwenye mtihani aliandika hivyo hivyo na akapata vema. Jibu analo, mkonge wenyewe haujui! Nilimweleza kwamba Mjerumani Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa mwaka 1893 Kikogwe, karibu na huko huko Pangani tunakokwenda. Akauliza ile mingine 938 ilikufa na nini. Jamani, toa ya mamia kaifanya kichwani bila kuombwa!

Pangani siku ya kwanza tulikwenda pwani jioni. Mdogo tulimshika mkono muda wote, maana pale mto unakutana na bahari na mkondo hauna utani. Macho yetu yakawa kwa mdogo, tukasahau vitu. Mkubwa alikuwa ameacha ndala na daftari lake juu kabisa, kwenye mchanga mkavu. Tunageuka, maji yamefika. Ndala moja tuliipata. Daftari lilikuwa linaelea, kurasa zimefunguka, wino unatoka. Akalia mpaka akatapika. Hakulilia bahari wala ndala, alilia, "Mwalimu atanichapa."

Wadau, mtoto wa miaka 9 yuko ufukweni, likizo, mbele yake Bahari ya Hindi nzima, na bado kiboko cha Januari kimemfuata mpaka mchangani.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu ndiye aliyemnyamazisha. Akamwambia kosa si lake, ni bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Akampa kijiti: "Chomeka pale maji yanapoishia, kesho njoo uangalie saa ngapi yatafika." Basi mtoto akawa na kazi. Siku ya kwanza, kwa saa ya simu yangu, maji yalijaa kama saa 10 na dakika 10 jioni. Siku ya pili, saa 10 na dakika 50. Usiku akiwa kitandani akaniambia, "Mamdogo, kesho saa 11 na nusu." Hakukosea sana. Saa na dakika zile zile alizokosa kwenye karatasi!

Siku ya nne tukapanda Lushoto. Asubuhi miguu iko kwenye maji ya chumvi, jioni tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Zile kona kutoka Mombo mnazijua. Mdogo alitapika mara mbili, mkubwa akalalamika masikio yameziba, nikapata nafasi ya kumweleza habari za hewa na mwinuko. Kwa Bibi waligombania plamu, wakachimba viazi, wakaogopa kinyonga. Irente walisimama mbali na ukingo wakaitazama barabara kuu chini kule tambarare ya Mazinde, nyembamba kama uzi.

Lakini kilichoniuma ni hiki. Bibi anaongea Kisambaa zaidi, Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Aliwasalimia vitukuu vyake, vikamtazama tu. Hata dada aliona aibu. Siku tatu haziwezi kumfundisha mtoto lugha, ila siku ya mwisho walishajua kuitikia salamu, na Bibi aliwashika vichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Hilo hakuna tuisheni inayolifundisha, na Bibi hatungoji mpaka mtoto amalize darasa la saba.

Sasa hoja yangu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ibara ya 31 inasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Sisi wana-ualimu hiyo tunaikariri kwa ajili ya mtihani, halafu likizo tunakwenda kuivunja kwa sh. 1,000. Tunaikariri pia Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967, iliyolalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya kwao. Yule wa mananasi makubwa ni zao la nani? Ni langu mimi, msomi wa elimu.

Najua mtasema. Kwanza, darasani wamejaa, asiposaidiwa likizo ataachwa. Ni kweli, na wengine wanahitaji msaada hasa. Pili, wazazi wako kazini, tuisheni ndiyo inayomlinda mtoto asizurure. Hiyo pia kweli, wala siwalaumu. Tatu, hela ya kutalii iko wapi? Hapa ndipo nakataa. Sisi hatukulala hotelini hata siku moja. Tulilala kwa mama mkubwa na kwa Bibi, tukala samaki na viazi vyao. Nauli ndiyo iliyouma, sikatai, lakini wengi tuna shangazi au babu mahali fulani. Na asiye na nauli ya Tanga, anaweza kumpeleka mtoto Coco au Kunduchi na kijiti cha kuchomeka mchangani.

Sisemi tuisheni ife, nitakula nini? Nasema likizo iwe na wiki mbili nzima zisizo na daftari. Zikiisha, kibaraza kifunguliwe, saa mbili asubuhi, watu waende kucheza. Na hayo maswali 200 tunayowapa watoto, tujiulize kwanza ni kwa faida yao au ni kwa ajili ya kumridhisha mzazi.

Mnataka kujua daftari liliishaje? Januari dada alikwenda shuleni kueleza. Mwalimu hakumchapa, nashukuru, lakini alisema maswali yote 200 yarudiwe. Kwa hiyo kila jioni binti yetu anaandika, na mimi nakaa naye bure. Juzi alipofika kwenye maswali ya saa hakuniita. Aliniita swali lililofuata, la kujaza nafasi: zao kuu la biashara mkoani Tanga. Akaniuliza, "Mamdogo, naruhusiwa kuchora?"

Nikamwambia chora.