Tunaisikiliza, au Tumeiwasha Tu?



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, na hasa nyinyi akina mama mnaobeba mizigo ya nyumba zetu, juma hili twaanza na kosa letu wenyewe, kwani nasaha huanzia nyumbani kwa mwenye kuitoa.

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa, baada ya Magharibi, tulikuwa tumeketi ukumbini. Redio ilikuwa ikisoma Sura Yasin, kama ilivyo ada ya nyumba nyingi za pwani yetu. Watoto walikuwa wakigombania rimoti ya televisheni, jikoni blenda ilikuwa ikinguruma, na nje bodaboda na tuktuk zilikuwa zikipishana kwa honi. Mara simu yetu ikalia. Alikuwa fundi, ana swali kuhusu saruji. Kwa kuwa hatukumsikia vizuri, tulinyoosha mkono tukaizima redio katikati ya aya. Mazungumzo yalipokwisha, mwenzetu wa nyumbani alituuliza kwa upole, "Mwalimu, kama hatukuwa tukiisikiliza, tuliiwasha ya nini?"

Hatukuwa na jawabu.

Twalalamika kila siku kwamba dunia imejaa makelele. Twazilaumu matatu kwa muziki wake, twavilaumu vipaza sauti vya arusi, twazilaumu simu za vijana. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini swali lile lilitufunua kwamba makelele mengine twayawasha kwa mikono yetu, na kwamba hata maneno ya Mola wetu tumeyageuza kuwa sauti moja zaidi miongoni mwa sauti nyingi za nyumba. Kisha twashangaa: Qur'ani yasomwa kwetu kutwa, mbona nyoyo hazitulii?

Katika Sura Al-A'raf, aya ya 204, Mwenyezi Mungu ametuamrisha mambo mawili isomwapo Qur'ani: tuisikilize na tunyamaze, ili tupate kurehemewa. Wanavyuoni wengi wameifasiri aya hii kuwa yahusu Swala na hotuba, lakini adabu yake yafaa kila mahali. Tuyazingatie mambo hayo mawili. Kusikiliza ni kuitega sauti kwa sikio na kwa moyo. Kunyamaza ni kuuzuia ulimi na shughuli. Anayenyamaza huku mawazo yake yako sokoni hajasikiliza, na anayetaka kusikiliza huku akizungumza hatasikia. Sauti na kimya vimekuja pamoja katika aya moja, na rehema imeahidiwa kwa vyote viwili.

Tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Siku moja alimwomba Abdullahi bin Mas'ud (R.A.) amsomee Qur'ani. Sahaba yule alistaajabu: vipi amsomee yeye, ilhali ameteremshiwa yeye? Mtume akamjibu kuwa apenda kuisikia kwa mtu mwingine. Ibn Mas'ud akasoma Sura An-Nisaa mpaka akafika aya ya 41, Mtume akamwambia yatosha. Alipomtazama, aliona macho yake yanatiririka machozi. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Ikiwa aliyeteremshiwa alitenga wakati wa kuketi na kusikiliza, sisi twaona vipi kwamba yatutosha isomwe huku tukichambua mchele na kujibu ujumbe wa simu? Hatusemi kwamba ni haramu mama kuisikia Qur'ani akiwa jikoni. Huenda ndiyo faraja yake pekee mchana kutwa. Twasema kwamba hiyo isiwe fungu letu lote.

Na utulivu huu una chuo chake, nacho ni Swala. Kuna mtu aliyeingia msikitini akaswali kwa haraka, Mtume akamwamuru arudi akaswali, kwa kuwa hakuswali. Alirudishwa mara tatu, kisha akafundishwa kutulia katika kila nguzo: atulie katika rukuu, asimame wima, atulie katika sijida. Kutulia huko hatukuachiwa tukufanye tukipata nafasi. Ni sehemu ya Swala yenyewe. Mara tano kwa siku Mola wetu hutusimamisha na kutunyamazisha, nasi twaipita Swala mbio kama watu wanaowahi feri ya Likoni.

Hapa baadhi ya akina mama watasema, "Sheikh, kimya hicho tukipate wapi, na mtoto analia?" Swali lenu ni la haki, na Mtume alikwisha kulijua. Alikuwa akiingia katika Swala akikusudia kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kujua jinsi mama yake anavyotaabika. Basi kilio cha mtoto si katika makelele tunayoyalaumu, na mama aliyekatiza uradi wake kumnyonyesha mwanawe hana lawama. Lawama yaweza kuwa juu yetu sisi waume, tunaorefusha sunna zetu msikitini huku wake zetu wakiswali na mtoto mgongoni. Mume ampokee mtoto robo saa, mama naye aonje sijida yenye utulivu. Hiyo ni sadaka isiyohitaji mfuko.

Wazee wetu walilijua jambo hili hata katika kujenga. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa. Wageni na maongezi huishia dakani, na kila uingiapo ndani ndivyo sauti ya njia inavyopungua. Sisi twaishi katika vyumba vya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Ikiwa hatuwezi kuujenga ukuta mnene, na tutenge wakati.

Nyumbani kwetu, tangu usiku ule, twafanya hivi. Baada ya Magharibi simu zote huwekwa juu ya kabati, televisheni na redio huzimwa. Mmoja wetu husoma ukurasa mmoja wa msahafu kwa sauti, zamu kwa zamu, hata mdogo ambaye bado husitasita katika tajwidi. Wengine husikiliza. Akimaliza, twakaa kimya kidogo, kila mtu na Mola wake, kisha twaomba dua. Haichukui zaidi ya robo saa. Juma la kwanza watoto walifurukuta, na tukiri kwamba nasi macho yetu yalikuwa kabatini. Sasa wao ndio wanaotukumbusha.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura Ar-Ra'd, aya ya 28, kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Honi za nje hazitakoma, wala bei ya unga haitashuka kwa sababu tumeketi kimya. Lakini moyo uliotulia huyabeba hayo kwa namna nyingine.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuisikiliza Qur'ani na kuifuata, zitulize nyoyo za mama zetu, na uzijaze nyumba zetu sakina. Amin.

Wabillahi taufiq.