Nambari ya Akaunti Ikaguliwe Kabla Pesa Haijatoka

Ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, simu hukuonyesha jina lake kabla muamala haujakamilika. Huduma hiyo inaitwa Hakikisha. Ukiona jina usilolijua, unasitisha na pesa inabaki kwako. Sasa jiulize: ukilipa karo kwa Paybill, unaonyeshwa nini? Unaonyeshwa jina la shule. Na ile nambari ya mwanafunzi uliyoiandika kwenye sehemu ya akaunti, je? Mara nyingi hakuna anayeikagua. Andika 4623 badala ya 4523, pesa itatoka, ujumbe utaingia kwa simu yako na shule itapokea. Ni mtoto wako tu ambaye hatahesabiwa kuwa amelipiwa.

Msimamo wetu ni huu: shule, hospitali, kampuni ya maji, sacco au mwenye hosteli anayetaka wateja walipe kwa nambari ya akaunti anapaswa kuikagua nambari hiyo kabla pesa haijatoka kwa simu ya mteja. Njia ya kufanya hivyo ipo. Wengi hawajaiwasha tu, na gharama ya uzembe huo inabebwa na wewe mteja.

Hapa Kakamega gharama hiyo tunaijua. Mzazi wa Shinyalu au Malava analipa karo akiwa nyumbani ili aokoe nauli na muda. Halafu anapigiwa simu kwamba pesa haionekani. Inabidi apande boda hadi shuleni, aonyeshe ujumbe, asubiri mhasibu atafute muamala mmoja kati ya mia kadhaa, na pengine aambiwe arudi kesho. Wakati huo mtoto ameshatumwa nyumbani. Pesa haikupotea, lakini siku za masomo zimepotea, na nauli pia.

Kinachotokea ukishaweka PIN

Wengi wetu hudhani pesa ikitoka, shule inajua palepale imetoka kwa nani na kwa ajili ya nani. Sivyo. Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni ule wa pesa za simu, unaojua salio lako. Wa pili ni wa shule, unaojua wanafunzi na madeni yao. Mifumo hii haifahamiani mpaka mtu aiunganishe, na kuiunganisha maana yake ni kuifanya iandikiane ujumbe.

Kwa miaka mingi ujumbe huo uliandikwa kwa XML. Usiogope hizo herufi. XML ni namna ya kuandika taarifa ambapo kila kitu kinawekwa kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, ili kompyuta isichanganye jina na kiasi. Mwaka 2015 M-Pesa ilipohamia mitambo mipya hapa Kenya kutoka Ujerumani, ujumbe uliopelekwa kwa biashara ulikuwa na lebo kama TransID, yaani nambari ya muamala, TransAmount, kiasi, MSISDN, nambari ya simu ya mlipaji, na BillRefNumber, ile nambari ya akaunti uliyoandika. Mwaka 2017 Safaricom ikaleta Daraja, mlango rahisi zaidi kwa watengenezaji programu, unaotumia JSON, ambayo ni namna fupi ya kuandika taarifa zilezile. Mifumo ya zamani iliyojengwa kwa XML haikutoweka siku hiyo.

Kwa XML au kwa JSON, mpangilio ni uleule, na una hatua mbili. Ya kwanza ni uhakiki. Kabla pesa haijatoka, mfumo wa M-Pesa unaiuliza seva ya shule: "Kuna mtu anataka kulipa shilingi 5,000 kwa akaunti 4623. Nipokee?" Seva inatafuta kwenye orodha yake. Nambari ikiwepo, inajibu 0, yaani sawa. Isipokuwepo, inakataa. Kwenye Daraja kuna hata jibu maalum la kusema nambari ya akaunti si sahihi: C2B00012. Muamala unafutwa, salio lako halijaguswa, unaandika upya.

Hatua ya pili ni uthibitisho. Pesa ikishatoka, M-Pesa inaijulisha seva ya shule ili iandike malipo kwenye akaunti ya mwanafunzi.

Tatizo ni kwamba hatua ya kwanza ni ya hiari. Haiji ikiwa imewashwa, biashara lazima iombe. Kwa hiyo fundi anaweka hatua ya pili tu, anaona malipo yanaingia, analipwa na kuondoka. Mwenye shule anaamini ameunganishwa. Kweli ameunganishwa, lakini upande wa kupokea pesa tu. Upande wa kumlinda anayelipa umeachwa wazi.

Msiilaumu XML

Ukilalamika, mara nyingi utaambiwa "ni mfumo". Tuseme ukweli: mfumo haujiweki wenyewe. Mtu aliuweka, na mtu anaweza kuurekebisha.

Ni kweli XML ni kali. Kwa mfano, alama ya "&" ina maana yake maalum ndani ya XML. Biashara ikisajiliwa kwa jina lenye alama hiyo, na fundi asiiandike kwa namna inayotakiwa, ujumbe mzima unakataliwa kusomwa. Pia kuna kosa la sufuri. Nambari ya mwanafunzi ni 00452, lakini programu ya shule imeihifadhi kama hesabu, ikabaki 452. Mzazi anaandika nambari sawasawa kama ilivyo kwenye barua ya shule, na bado haipatikani. Haya yote yanajulikana na yanatatuliwa kwa majaribio ya mchana mmoja.

Na anayesema teknolojia ya zamani ndiyo kikwazo, atazame Tanzania. Mfumo wa malipo ya serikali yao, GePG, ulioanza mwaka 2017, huwasiliana na taasisi kwa XML. Kule ankara inatengenezwa kwanza, inapewa nambari ya malipo yenye tarakimu 12 ambayo wenyewe huiita control number, na ukiandika nambari isiyokuwepo hulipi. XML ileile, lakini mteja amelindwa kwa sababu waliopanga walianza na swali la nani analipa nini.

Hofu ya wenye biashara

Wenye biashara wana hoja, na hatutaipuuza. Wanasema: "Tukiwasha uhakiki, malipo yetu yatategemea seva yetu. Stima ikipotea au intaneti ikikatika, wateja watashindwa kulipa."

Hoja hiyo ina jibu ndani ya mpangilio wenyewe. Biashara inapojisajili, inachagua mapema kitakachofanyika seva yake isipojibu: muamala ukamilike au ufutwe. Kwa maoni yetu, uamuzi huo utegemee kinachouzwa. Pale mteja anapopata kitu papo hapo, kama tokeni za stima, heri ufutwe, ajaribu tena baadaye. Kwa karo au bili ya maji, ambapo saa chache hazidhuru, malipo yaweza kukamilika, mradi kuwe na mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kupanga malipo yasiyo na mwenyewe kabla siku haijaisha. Mzazi asilazimike kusafiri ili kuthibitisha kitu ambacho shule tayari inacho kwenye taarifa yake ya M-Pesa.

Hoja nyingine ni gharama. Mama mboga wa soko la Kakamega anayetumia Till hahitaji lolote kati ya haya. Anaona ujumbe, anakupa sukuma, mmemalizana. Lakini taasisi inayokusanya pesa za mamia ya watu kwa nambari za akaunti haiwezi kusema kukagua nambari hizo ni anasa. Kama inaweza kumlipa mhasibu akae siku tatu kila muhula akitafuta malipo yaliyopotea njia, inaweza kumlipa fundi kazi ya mara moja.

Uhakiki peke yake hautoshi

Tuwe wakweli pia kuhusu kisichozuiwa. Ukikosea ukaandika nambari ya mwanafunzi mwingine aliyepo, uhakiki utakubali, kwa sababu nambari hiyo ni halali. Utakuwa umemlipia mtoto wa jirani.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa. Mita za stima za malipo ya kabla zina nambari ya tarakimu 11, na tarakimu ya mwisho haikuwekwa kiholela. Inatokana na hesabu ya zile zinazotangulia, ili kosa la tarakimu moja ligundulike. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo. Tuseme mwanafunzi ni wa 452. Anza kulia: 2 mara mbili ni 4, 5 inabaki 5, 4 mara mbili ni 8. Jumla 17. Ili ifike 20 inahitaji 3, basi nambari yake ya malipo inakuwa 4523. Mzazi akikosea akaandika 4623, jumla inakuwa 21, haigawanyiki kwa 10, na seva inakataa palepale. Hakuna mwanafunzi mwingine anayeweza kuwa na nambari hiyo.

Kuna wanaopendekeza mlipaji aonyeshwe jina la mwanafunzi. Sisi tungeenda polepole hapo. Mtu yeyote angeweza kuandika nambari ovyo na kukusanya majina ya watoto wa watu, na Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Kukataa nambari mbaya kunatosha kukulinda bila kumwanika mtoto wa mwingine.

Ufanye nini wewe mteja

Usiandike nambari ya akaunti kwa kukumbuka. Inakili kutoka kwenye barua au ujumbe wa taasisi, na uisome mara ya pili kabla ya kuweka PIN. Usifute ujumbe wa M-Pesa, kwa maana ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuupata muamala wako. Na kumbuka: ujumbe huo unathibitisha kwamba pesa imefika kwa taasisi. Kwamba imeandikwa kwenye akaunti yako, ni taasisi inayopaswa kuthibitisha. Ulizia risiti yake.

Kisha uliza swali moja, kwenye mkutano wa wazazi, kwa mwenye hosteli, kwenye ofisi ya maji: "Nikikosea nambari ya akaunti, malipo yatakataliwa au yatapita?" Wakisema hawajui, waombe wajaribu wenyewe. Watume shilingi 10 kwa akaunti isiyokuwepo. Ikipita, basi hakuna anayekagua, na jibu wanalo mkononi.

Biashara husikia wateja haraka kuliko zinavyotusikia sisi. Mzazi mmoja akiuliza, ataambiwa ni mfumo. Wazazi hamsini wakiuliza swali hilohilo kabla ya muhula kuanza, fundi ataitwa.